Namna ya Kukusanya na Kuhifadhi Kumbukumbu za Vita vya Maji Maji Kijijini

Mzee aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye babu yake alikuwa kijana wa miaka 20 wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza Julai 1905, alimkuta babu huyo akiwa na miaka 35 zaidi, yaani 55, na yawezekana kabisa kwamba alikaa naye jioni nyingi na kusikia kwa masikio yake habari za mtu aliyeviona vita kwa macho. Piga hesabu hiyo kabla hujafanya jambo lolote, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha ni nani kijijini wa kutafutwa kwanza na kwa nini usisubiri mwakani. Kati yetu na vita vile umebaki mdomo mmoja. Wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliotumwa vijijini mwao mwaka 1968 kukusanya habari hizi waliwakuta watu waliokunywa wenyewe yale maji ya dawa, yaliyoaminika kukinga risasi, au waliokuwa watoto wakibebwa mgongoni kuelekea maporini. Sisi hatutawakuta. Tunachokusanya ni habari iliyopita katika kinywa kimoja au viwili kabla ya kutufikia, na kazi hiyo ina taratibu zake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu, kiongozi wa ukoo, kijana aliyerudi nyumbani kutoka mjini, au kamati ya msikiti au parokia katika maeneo yaliyoguswa na vita hivyo: Kilwa, Rufiji, Liwale, Nachingwea, Mahenge, Songea, Namtumbo na kwingineko. Hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji uvumilivu, daftari lenye jalada gumu, na simu yenye nafasi ya kutosha ya kurekodi sauti.

Ijue historia, kisha uifunge mdomoni

Kabla ya kwenda kwa mzee yeyote, soma ili uyajue mambo makuu. Vita vilianzia katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, ambako watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba katika shamba la kulazimishwa. Serikali ya Wajerumani chini ya Gavana Gustav Adolf von Götzen ilikuwa imewalazimisha watu kulima pamba kwa pamoja kwa ujira ambao wengi waliukataa kwa kuwa ulikuwa mdogo mno, na juu ya hapo palikuwa na kodi, kazi za shokoa, yaani za kulazimishwa, na viboko vya maakida, wale watumishi wa serikali waliosimamia vijiji. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyesemekana kupagawa na pepo aitwaye Hongo, alikuwa ameanza mapema kugawa dawa ya maji ambayo ingewakinga watu na risasi. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya mapigano kuanza, lakini dawa yake ilikuwa imekwisha kusafiri. Ilifika Ungindo, Umwera, Upogoro, Ungoni na Ubena. Tarehe 30 Agosti wapiganaji kwa maelfu waliishambulia boma ya Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha. Wajerumani walipoona kwamba hawawezi kuwafukuza watu porini mmoja mmoja, walichoma vijiji, wakateketeza mazao shambani na kuchukua akiba ya vyakula, na njaa ikamaliza kazi iliyoanzwa na risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyetumia miaka mingi kuwasikiliza wazee wa kusini, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Ukishayajua hayo, yanyamazie. Kosa la kwanza la mkusanyaji, na mimi nimelifanya zaidi ya mara moja, ni kumwambia mzee kile unachokijua ili aone kwamba wewe si mgeni wa mambo. Mzee mwenye adabu hatakubishia. Atakurudishia maneno yako yale yale, ukayaandika kama ushahidi wake, na mwaka unaofuata mtu mwingine akayasoma katika daftari lako na kuyaamini mara mbili.

Tatizo hili ni kubwa zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu Maji Maji imefundishwa shuleni tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969, imesomwa na kuigizwa na vizazi vya wanafunzi. Hussein alikuwa msanii, na alimuumba mhusika wake kwa madhumuni ya sanaa yake. Hata jina alilompa linatofautiana kidogo na lile la mganga wa Ngarambe. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini mzee akianza kukueleza kwa ufasaha mkubwa yaliyokuwa moyoni mwa Kinjikitile, mashaka yake na maneno aliyoyasema mbele ya watu, muulize kwa upole: "Babu, hayo uliyasikia kwa nani?" Kama jibu ni shuleni au redioni, liandike hivyo hivyo. Nalo ni kumbukumbu, kwa maana linaonyesha jinsi taifa lilivyoipokea habari hii, ila si kumbukumbu ya ukoo wake, na viwili hivyo visichanganywe katika ukurasa mmoja bila alama.

Kubisha hodi

Anza kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, uwaeleze unachotaka kufanya na kwa nini. Kama kazi yako ni ya utafiti wa shahada au imelipiwa na taasisi, utahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na usijaribu kukikwepa. Kama unakusanya habari za ukoo wako mwenyewe, barua ya serikali ya kijiji kwa kawaida itatosha, pamoja na idhini ya wakubwa wa ukoo, ambao wasipoarifiwa mapema wataifunga milango yote kwa neno moja.

Kwa mzee mwenyewe nenda mara ya kwanza mikono mitupu, yaani bila simu mkononi na bila daftari. Msalimie, kaa, sikiliza habari za mvua na za mjukuu aliyeko Dar es Salaam. Kilo ya sukari au kipande cha sabuni ni heshima inayojulikana; fedha taslimu kwa ajili ya maneno si heshima, na zitawafanya wengine kumi waje na habari ndefu zaidi. Mwombe akupangie siku. Mweleze waziwazi kwamba ungependa kumrekodi, kwamba anaweza kusema "hapa zima", na kwamba sauti yake itasikilizwa na watu wengine. Idhini hii irekodiwe pia, kwa sauti yake, mwanzoni mwa kila kikao.

Kaa naye katika mahali alipozoea kukaa. Mzee aliyeitwa katika ofisi ya kata huzungumza kama mtu aliye ofisini. Na usiwakusanye wazee watano pamoja siku ya kwanza, kwa kuwa mmoja ataongea na wanne wataitikia. Kikao cha pamoja kina faida yake, lakini baadaye, wakati kila mmoja amekwisha kusema la kwake.

Anza na njaa

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Nani alipigana?" Swali hilo humpeleka msimulizi moja kwa moja kwa mashujaa, na mashujaa ndio sehemu ya habari iliyokwisha kusuguliwa ikang'aa. Mimi hushauri uanze na chakula. Uliza: "Mwaka ule watu walikula nini?" Hili ni swali ambalo halimlazimishi mtu kuchagua upande, halimtaki ajue tarehe, na linawafikia wanawake, ambao ndio waliobaki na kazi ya kutafuta cha kuwapa watoto baada ya ghala kuchomwa.

Nilikaa siku moja na bibi mmoja, katika kijiji ambacho sitakitaja, ambaye kwa nusu saa nzima alinijibu kwamba habari za vita hazijui, hizo ni za wanaume. Nilipomuuliza kuhusu njaa aliinuka, akaingia jikoni, akarudi na kisu. Hakuwa na ndiga siku hiyo, kwa hiyo alichukua muhogo kunionyesha. Alimenya, akaanza kuukata vipande vyembamba mno, vya kupitisha mwanga, na kila alipokata alisema, "Si hivi. Nyembamba kuliko hivi." Ndiga ni kiazi cha mwituni chenye sumu, na hakiliki mpaka vipande vyake vimelowekwa kwa siku kadhaa katika maji yanayotiririka, na kukamuliwa. Alieleza jinsi bibi yake mzaa mama alivyomfundisha kuvifunga vipande katika kapu na kulitega kapu mtoni kwa jiwe, na jinsi alivyokuwa akimpiga vidole akikata vinene. "Kwa nini alikupiga?" nilimuuliza. Akajibu kwamba bibi yake alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyekula kabla ya siku kutimia, mwaka ule wa moto. Hakusema mwaka gani. Alisema tu "mwaka ule wa moto", kisha akauweka muhogo chini na kuniuliza kama ninakunywa chai.

Katika dakika hizo palikuwa na mambo ambayo hayamo katika vitabu vingi: kwamba kijiji kilichomwa, kwamba watu walikimbilia karibu na mto wenye maji ya kutiririka, kwamba kulikuwa na watoto waliokufa kwa chakula na si kwa kukosa chakula, na kwamba hofu ile ilipita katika vidole vya wanawake wa vizazi vitatu bila kuitwa historia. Kwa hiyo uliza juu ya ndiga, ming'oko, mizizi na majani yaliyoliwa. Uliza nani alikuwa mpishi. Uliza chakula kipi hadi leo hakitupwi nyumbani kwao hata kikiwa makombo, na kwa nini.

Baada ya chakula uliza kuhusu njia: walikimbilia wapi, walipita wapi, nani alirudi na nani hakurudi. Kisha majina. Koo nyingi humpa mtoto jina la hali iliyokuwapo alipozaliwa, kama vile Shida, Tabu, Vita, na jina hilo hurithiwa na wajukuu bila maelezo. Chora ukoo kwenye karatasi mbele ya mzee, umwachie yeye akuonyeshe mahali palipokatika. Mara nyingi utaona ngazi moja yenye watu wengi waliokufa bila watoto, na hapo ndipo pa kuuliza swali la pili. Habari za nani alipigana zitakuja zenyewe, kwa wakati wake.

Tembea

Kumbukumbu nyingine haisimuliki mtu akiwa amekaa. Mwombe mzee, au kijana aliyetumwa naye, akutembeze: kwenye kisima cha zamani, kwenye kivuko, kwenye mti ambao watu hawaukati. Pori lenye miembe iliyojipanga, mawe ya kusagia na vigae vya vyungu lilikuwa kijiji. Sehemu kubwa ya Ungindo ilibaki bila watu baada ya vita na njaa, wanyama na mbung'o wakaingia, na watawala waliofuata wakatenga maeneo makubwa ya kusini kuwa Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtalii anayelisifu pori lile kwa kuwa halijaguswa na mtu hajaambiwa lilivyopata ukimya wake, na sina hakika kwamba sisi wenyewe tunaambizana vya kutosha.

Andika jina la kila mahali kama wenyeji wanavyolitamka, maana yake, na aliyekupa maana hiyo. Simu itakupa alama ya mahali kwenye ramani. Ihifadhi pamoja na picha. Usichimbe kitu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua bila kibali, na hata isingekuwapo sheria, kaburi ni kaburi. Ukionyeshwa kaburi la pamoja, simama hapo kwa muda ambao mwenyeji wako anasimama, na upige picha baada tu ya kuruhusiwa.

Angalia pia mahali palipobeba vita zaidi ya kimoja. Pale Kilwa Kivinje pana Mwembe Kinyonga, na jina lenyewe linajieleza. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani katika nchi ya Kilwa, alinyongwa mwaka 1895, miaka 10 kabla ya Maji Maji. Msimulizi anaweza kuziunganisha habari hizi mbili katika mti mmoja na mwaka mmoja, na si haki kusema kwamba amekosea tu. Kwake yeye Mjerumani ni yule yule na kamba ni ile ile. Kazi yako ni kuandika alivyosema, kisha katika ukurasa wa kulia, ambao utauacha wazi kwa maelezo yako, kuonyesha kwamba ni matukio mawili.

Wajukuu wa upande wa pili

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo ambayo sherehe nyingi huirukia juu. Baada ya uhuru, Maji Maji ilisimuliwa kama mara ya kwanza makabila mengi kuungana dhidi ya mkoloni. Mwalimu Nyerere aliitaja mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956 alipokuwa akidai uhuru wa Tanganyika, na taifa changa lilihitaji habari ya namna hiyo. Habari hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Lakini jeshi la Wajerumani lilikuwa na maofisa wachache tu wa Kizungu. Walioshika bunduki na mienge walikuwa zaidi askari Waafrika na rugaruga, yaani wapiganaji wasaidizi wa kienyeji. Kulikuwa na watawala kama Kiwanga katika bonde la Kilombero waliosimama upande wa Wajerumani, na Wahehe wengi, ambao walikuwa wametoka katika vita vyao wenyewe vilivyokwisha na kifo cha Mkwawa mwaka 1898, safari hii hawakujiunga na maji. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, nyingine za woga, nyingine za uhasama wa zamani na majirani, nyingine za hesabu ya wazi kwamba dawa haitazuia risasi.

Wajukuu wao ni majirani zetu. Katika kijiji kimoja utawakuta mjukuu wa aliyenyongwa na mjukuu wa akida wakilima mpaka mmoja, na kila mmoja anajua. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa hiyo usiulize mbele ya watu, "Ni ukoo gani uliwasaidia Wajerumani?" Uliza faraghani, kwa sentensi isiyo na hukumu: "Wazee wa huku walipitaje kipindi kile?" Mtu akikuambia kwamba babu yake alikuwa askari, usionyeshe mshangao wala usimfariji. Muulize alichukuliwa wapi, alilipwa nini, alirudi nyumbani vipi, alizikwa wapi na nani. Na ikiwa hataki jina la ukoo lionekane, libadilishe katika nakala itakayosomwa na watu, huku nakala kamili ikihifadhiwa mahali ambapo wewe na yeye mmekubaliana.

Wakati mwingine hutajibiwa. Andika: "Hapa alinyamaza," na muda aliounyamaza ukiweza. Usiuzibe ukimya kwa maelezo yako.

Kuna chombo kimoja ambacho jamii zetu zilikitengeneza kwa kazi hii hasa, na wakusanyaji wengi hukipita wakicheka tu: utani. Watani wengi wa nchi hii mababu zao walikuwa maadui. Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19, na leo mmoja akifiwa mwingine hufika msibani na kuanza vituko, akidai kwamba marehemu alimwogopa hadi anaingia kaburini. Katika maneno ya watani utasikia majina ya mapigano, ya vivuko, na ya nani alimkimbia nani, mambo ambayo mzee akiulizwa kwa heshima hatayasema kwa sababu kwa heshima hayasemeki. Nenda misibani kama mtu wa msiba, si kama mrekodi. Zima simu, saidia kubeba maji, na uandike jioni ukiwa nyumbani.

Namna ya kuandika

Andika kwanza katika lugha iliyosemwa. Kama mzee alisema Kingoni, Kimatumbi au Kingindo, tafuta mtu wa kukusaidia kuiandika lugha hiyo neno kwa neno kabla ya kutia Kiswahili. Wamatumbi waliita ile habari ya siri iliyopita kutoka mtu hadi mtu kabla ya vita *njwiywila*. Ukiandika "mnong'ono" umetoa maana, lakini umepoteza jambo ambalo msemaji wa Kimatumbi analisikia katika neno lile, na mtafsiri wa kesho hatakuwa na pa kulitafutia.

Kwa kila habari weka juu ya ukurasa: nani anasema, umri wake, alisikia kwa nani, aliyemsikia alikuwa wapi wakati wa vita, siku na mahali pa mazungumzo, na waliokuwapo. Swali la "alisikia kwa nani" ndilo lenye thamani kuliko yote, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Usinyooshe lugha ya msimulizi. Usiondoe marudio. Kama amesema jambo mara tatu, alikuwa na sababu ya kulisema mara tatu.

Habari zikipingana, na zitapingana, ziache zote mbili. Mmoja atasema kijiji kilichomwa na askari. Mwingine atasema kilichomwa na wenyewe kabla ya kukimbia ili adui asikute kitu. Usichague. Usitafute kati kwa kati. Ziweke kurasa zinazotazamana, na majina ya waliosema, kwa maana ile tofauti yenyewe inaweza kuwa ndiyo habari: ni nani anayehitaji moto uwe wa askari, na ni nani anayehitaji uwe wa wenyewe.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye nyaraka. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ina majalada ya utawala wa Wajerumani, na majalada ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani yamo katika hifadhi ya taifa lao mjini Berlin, mengi yakiwa yamepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Mwandiko wake wa kale utakushinda, kwa hiyo tafuta msaada wa mtu aliyeuzoea. Vitabu vya misheni navyo vina mengi: kituo cha Peramiho kilichomwa mwaka 1905, na padre aliyebaki katika eneo lile aliwabatiza baadhi ya viongozi wa Kingoni kabla hawajanyongwa, akaandika habari zao. Soma maandishi hayo ukikumbuka aliyeshika kalamu. Ofisa wa boma aliandika idadi ya risasi zilizotumika kwa uangalifu mkubwa kuliko majina ya walioanguka.

Faili za sauti zipe majina yanayoeleweka, kwa mfano mwaka, mwezi, siku, kijiji na namba ya kikao. Weka nakala katika simu, katika flashi, na kwa mtu wa tatu anayeishi mji mwingine. Daftari lenye maji ya mvua halisomeki, nimeshapoteza moja.

Kuhusu siku ya kumbukumbu

Songea ina siku yake. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, na Makumbusho ya Maji Maji yaliyopo hapo, yenye kaburi la pamoja, hukusanya watu kila mwaka mwishoni mwa mwezi huo. Nduna (kiongozi chini ya chifu wa Kingoni) Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, ana kaburi lake la pekee, na ukoo wake unaamini kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na ukoo huo na kuomba msamaha. Katika mji ule anakumbukwa pia Mkomanile, mwanamke aliyekuwa kiongozi upande wa Namtumbo na aliyehusika kuingiza maji Ungoni.

Kijiji chenu hakihitaji sherehe ya ukubwa huo, na hakipaswi kusubiri basi la kwenda Songea. Chagueni siku inayotokana na mlichokusanya: siku ambayo wazee wanasema kijiji kilichomwa, au mwezi ambao ndiga huchimbwa. Someni majina kwa sauti, ya waliopigana, ya waliokufa kwa njaa, na ya waliochukuliwa kubeba mizigo ya askari wasirudi. Pikeni chakula kile. Wapeni watani nafasi yao, na hotuba ya mgeni rasmi iwe fupi, jambo ambalo nalisema nikijua kwamba halitafuatwa. Mkitaka kujenga mnara, jengeni mwisho, si mwanzo. Pale Dar es Salaam Waingereza waliiondoa sanamu ya Wissmann, gavana wa Wajerumani, na mwaka 1927 wakazindua sanamu ya Askari kwa ajili ya Waafrika waliohudumu katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wazee wa mji wakaendelea kupaita mahali pale Sanamu ya Bismini, yaani Wissmann.

Kabla ya siku hiyo, au ndani yake, someni daftari mbele ya kijiji kizima. Msimpe mwanasiasa alisome. Alisome mwanafunzi wa darasa la sita au la saba, polepole, habari moja baada ya nyingine, na wasimulizi walio hai wakiwa wamekaa mbele. Katikati ya kusoma mtu atanyanyuka na kusema, "Si hivyo." Mpeni kiti, mwulizeni jina lake na alisikia kwa nani, na mwandishi afungue ukurasa mpya, aandike tarehe.